CHAMBO CHA RASTA NA UZI

Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Mchikichini, Dar es Salaam



Leo tuzungumze juu ya chambo. Najua wengine mtasema, "Mwalimu, hapa ni Mchikichini, bahari iko wapi?" Bahari haiko mbali. Soko la samaki la Ferry ni mwendo mfupi tu, na wengi wenu mna ndugu wavuvi Kilwa, Mafia na Bagamoyo. Tena vifaa vya kazi hii vinauzwa hapa na Kariakoo. Ninyi mnavipita kila siku. Ndugu yako kijijini anavihitaji.

Shida yenyewe ni hii. Mvuvi wa mshipi hutumia dagaa na samaki wadogo kuwa chambo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti vizuri, dagaa huadimika na bei hupanda. Mvuvi hukaa pwani, au hukopa chambo kabla hajapata samaki. Akirudi mikono mitupu, deni linabaki. Chambo cha bandia hakiozi wala hakingoji mwezi. Wavuvi wanaorambaza, yaani wanaoburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, wanakijua siku nyingi. Wengine hutumia manyoya ya kuku, wengine nyuzi za kamba. Mimi napenda rasta, zile nywele za kusukia, kwa sababu hazilewi maji na hukauka upesi.

Kwanza mwangalieni dagaa mwenyewe. Tumbo jeupe, mgongo mweusi. Samaki mkubwa akimtazama kutoka chini, tumbo jeupe linapotea katika mwanga wa juu. Ndege akimtazama kutoka juu, mgongo unapotea katika giza la maji. Sisi tutafuata mpango huohuo: rasta nyeupe chini, nyeusi au ya buluu juu. Rangi nyingi za nini? Muuzaji atakushawishi, lakini mlaji ni nguru, si muuzaji.

Bana ndoana imara, ncha yake ikielekea chini. Zungusha uzi wa cherehani kwenye shina la ndoana, karibu na tundu, mpaka uzi ushike. Chukua rasta nyeupe, unene wa njiti mbili za kiberiti, urefu wa kiganja. Ifunge chini ya shina, ikining'inia kuelekea nyuma. Weka nyuzi tatu au nne za kumetameta, zile za kudarizi, ubavuni kila upande. Hizo ndizo magamba. Kisha funga rasta nyeusi juu. Kaza, piga mafundo, paka gundi, ungoja ikauke kabisa. Mwisho chora jicho kubwa kwa rangi, juu ya gundi hiyo.

Hapa wengi huharibu: wanaweka rasta nyingi. Chambo kinakuwa kama ufagio, kinazunguka majini na kusokota mshipi. Afadhali nyembamba. Tena usikate mkia sawasawa kwa mkasi. Kata kwa kuuchonga, nywele hizi fupi, zile ndefu, upate ncha kama ya mkia wa samaki. Dada mmoja msusi ameniuliza hapa kama achome ncha kwa moto, kama afanyavyo akimaliza kusuka. Hapana, dada. Rasta ikichomwa huyeyuka na kugandamana, na sisi tunataka ipepee.

Kijaribu ndani ya karai la maji. Kivute polepole. Kikilala ubavu au kugeuka tumbo juu, punguza nywele upande ulio mzito.

Nguru na mzia wana meno makali; watakata nailoni mara moja. Funga waya mwembamba, shibiri moja, kati ya ndoana na mshipi. Kwa nguru chombo kiende mbio kidogo. Kolekole humpata karibu na miamba. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanaweza kukijaribu kwa sangara, maana naye hula dagaa na samaki wadogo. Ila wavute taratibu, wakipumzika kidogo katikati. Na popote ulipo, usizungushe mshipi mkononi. Nguru mkubwa akivuta ghafla, utapoteza kidole.

Vipande vya rasta na nailoni vilivyobaki vitie katika kopo, urudi navyo. Ni plastiki hiyo, haiozi baharini.

Ukirudi, suuza chambo kwa maji baridi, kichane kwa vidole, kitundike kivulini. Ndoana ikianza kutu, badilisha. Kisha fungua daftari lako uandike: tarehe, mwezi mpevu au giza, maji yanajaa au yanakupwa, rangi ya chambo, umepata samaki gani na wangapi. Hata siku ya kukosa, iandike. Baada ya miezi mitatu tuletee daftari hapa darasani, tulisome pamoja.