Jiwe Lililorudi Nyumbani



Tumeombwa tusimulie safari yetu ya Thailand, tena kwa Kiswahili, ili mgeni asikae karamuni kama kiziwi. Tulikuwa wanne: wazee wawili wa halmashauri hii pamoja na wake zetu. Wengi waendao nchi ile huishia Bangkok au ufukoni. Sisi tulipanda gari moshi tukaelekea kaskazini mashariki, kiasi cha kilomita 400, hadi Buriram, mji mkuu wa jimbo moja la eneo la Isan, linalopakana na Kambodia. Jina lenyewe lilitukaribisha. Ile "buri" ni "puri" ya Kisanskriti, yaani mji. Na Buriram huelezwa kuwa ni Mji wa Furaha.

Alfajiri tulikwenda sokoni, kwa maana mfanyabiashara hujua mji kwa soko lake. Tuliwakuta akina mama wakitunga mashada ya asumini kwa ajili ya kumtolea Buddha, na wake zetu wakasimama pale kana kwamba wamefika kwao. Wali wa huko hunata. Huliwa kwa vidole kutoka katika vikapu vya mianzi. Papai bichi hukatwa nyuzi nyuzi, likatwangwa kinuni pamoja na pilipili, ndimu, nyanya na karanga. Ukisikia mchi ule ukigonga, utadhani uko uani kwa jirani yako hapa mtaani.

Lakini sisi tusioonja nyama wala samaki tulikuwa na shida. Mchuzi wa samaki hutiwa karibu katika kila chakula, na watu wa Isan huongeza samaki aliyevundikwa. Siku ya kwanza tulikula ndizi. Siku ya pili mama mmoja muuza matunda alitushika mkono, akatuonyesha kibendera cha manjano chenye herufi nyekundu. Neno lililoandikwa husomwa "jay". Wanaoshika mwiko huo hawali nyama, samaki wala mayai, na hata kitunguu na kitunguu saumu hawavigusi. Wazee wetu wa Kivaishnava wangeketi pale bila wasiwasi, ila wangekosa chai yao, kwani maziwa nayo ni mwiko.

Katika maduka ya nguo tulioneshwa hariri ya mudmee. Nyuzi za mshindio hufungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, na maua hutokea zinapofumwa. Sisi tuliozaliwa nyuma ya kaunta ya nguo tulikumbuka mara moja patola ya Patan, ambayo nyuzi zake hufungwa pande zote mbili. Kwa karne nyingi nguo za Gujarat zilipelekwa kwa merikebu hadi Siam, kama zilivyoletwa katika pwani hii yetu.

Siku ya tatu tulikwenda Phanom Rung. Hilo ni hekalu la Shiva lililojengwa na Wakhmer juu ya volkano iliyozimika, kati ya karne ya 10 na ya 13. Njia ya mawe inakupeleka kwenye madaraja yenye nyoka wa vichwa vitano, kisha ngazi, kisha patakatifu. Milango 15 imepangwa mstari mmoja, na mara nne kwa mwaka jua hupenya yote, mara mbili likichomoza na mara mbili likizama. Nandi wa jiwe angali amelala ndani. Bibi mmoja, Mbuddha, aliweka shada la asumini mbele yake, akainamisha kichwa. Hapakuwa na Mhindu mwingine ila sisi.

Juu ya mlango wa mashariki Shiva anacheza, na chini yake kuna kizingiti cha juu kilichochongwa Vishnu amelala juu ya nyoka Ananta, na Brahma akitokea katika ua la yungiyungi. Jiwe hilo lilitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye likaonekana Marekani, katika jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago. Watu wa Thailand walilidai. Wanamuziki wao walilitungia wimbo. Na mwaka 1988 likarudi mahali pake. Waliolidai wengi wao walikuwa Wabuddha. Hawakusema kwamba huyu ni mungu wa wengine. Walisema kwamba ni jiwe la kwetu.

Tulisimama chini ya kizingiti kile tukashindwa kutazamana.

Mnajua sababu. Mwaka jana, tulipopanga kupanua ukumbi, mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alitupa bei nzuri kwa mlango wetu wa zamani, ule wa msaji wenye tausi, uliochongwa na mafundi waliovuka bahari pamoja na babu zetu. Halmashauri iliridhia. Saini mbili katika barua ile ni zetu sisi wasafiri. Arubuni imekwisha kupokewa, saruji imenunuliwa, na mlango utachukuliwa baada ya sikukuu hii.

Tunaomba radhi mbele yenu. Tulihesabu fedha, hatukuhesabu mikono iliyousukuma mlango ule. Sisi wawili tumekubaliana kuirudisha arubuni kwa fedha zetu wenyewe, na tunaisihi halmashauri iitangue barua hiyo kabla ya mnunuzi kufika. Ukumbi unaweza kupungua futi chache. Harusi zitafungwa tu.

Wazee wetu wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hekalu letu halina daftari la vitu vyake. Basi tuliandike, kengele kwa kengele na sanamu kwa sanamu, pamoja na picha, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili pia. Wajukuu wetu wengi wako Leicester na Toronto. Huenda siku moja watakaofungua mlango huu asubuhi wakawa wachache, na atakayeulinda akawa jirani aliyeketi leo katika safu ya nyuma. Jirani hawezi kukidai kitu ambacho hakuwahi kuambiwa habari zake.

Kwa hiyo, ndugu majirani, mkitoka leo tokeni kwa mlango wa zamani. Tumeufungua. Uguseni, muulize habari zake, nasi tutawaeleza.