Mjumbe Hauawi: Hotuba juu ya Kutengeneza Redio ya Zamani Iliyokufa



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi ya mikono tuifanyayo nyumbani baada ya saa za ofisi. Sisi si mafundi wenye cheti. Tu makarani kama ninyi, na mengi tuyajuayo tumejifunza kwa kuharibu. Basi mtusikilize kama msikilizavyo mtu anayeungama kosa lake.

Mzee mmoja mstaafu, aliyetutangulia katika utumishi, alituletea redio ya kupokezana maneno, ya aina iitwayo CB. Redio hizi zilienea sana Marekani. Mwaka 1958 Serikali ya huko iliwafungulia wananchi masafa ya megahezi 27, na baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973 madereva wa malori walizitumia kuambiana mafuta yapatikanapo, na kuonyana juu ya askari wa barabarani. Kabla ya mwaka 1977 zilikuwa na chaneli 23. Tangu mwaka huo zikawa 40. Redio ya mzee ilikuwa ya zile 23. Alipewa na mwanawe aliyeendesha lori huko, naye mwana huyo amekwisha kufariki. Mzee akatuambia, "Mwanangu, sina haja ya kusema na mtu. Nataka niisikie ikivuma tu, kama alivyoisikia yeye."

Tuliiunganisha na betri ya motokaa. Fyuzi ikakatika papo hapo. Tukatia nyingine, nayo ikakatika. Ndipo tulipofanya upumbavu. Maandishi yaliagiza fyuzi ya ampea 2. Sisi tukatia ya ampea 10, tukijiona werevu. Hiyo haikukatika. Moshi ukatoka, na njia ya shaba katika ubao wa ndani ikaungua. Mzee alikuwa ameketi kando yetu. Hakusema neno, nasi hatukuweza kumtazama usoni.

Ndugu zetu, fyuzi ni mjumbe, na wahenga walisema mjumbe hauawi. Fyuzi ikatikapo hutuletea habari kwamba mahali fulani umeme unapita njia isiyo yake. Atiaye fyuzi kubwa amemziba mjumbe kinywa, na habari ile ile itarudi kwa moto.

Usiku ule tuliondoa umeme wote, tukaanza upya kwa utaratibu. Karani atafutaye faili lililopotea hapekui kila kabati, bali hulifuata katika daftari, mkono kwa mkono. Sisi nasi tulianza pale umeme uingiapo. Tulipima kwa mita kati ya waya mwekundu na waya mweusi, na mita ikaonyesha karibu sifuri, hata tulipozigeuza ncha zake. Mahali hapo watengenezaji wengi huweka dayodi ya ulinzi. Mtu akikosea akabadilisha chanya na hasi, dayodi hiyo huupitisha umeme wote ili fyuzi ikatike na viungo vingine visalimike. Lakini mara nyingi yenyewe hufa katika kazi hiyo, ikabaki kama waya mtupu. Tuliinua mguu wake mmoja, tukaipima peke yake. Ilipitisha umeme pande zote mbili. Yaelekea zamani mtu aliunganisha betri kinyume.

Tulitia dayodi mpya ya aina ile ile, mstari wake ukielekea chanya. Tukaiunga kwa waya na risasi ile njia iliyoungua, kisha tukarudisha fyuzi ya ampea 2. Taa ikawaka, lakini sauti haikutoka. Tulikuwa karibu kuilaumu spika, au kapasita za zamani ambazo hukauka kwa umri. Tukajizuia, tukauliza kwanza jambo jepesi: maikrofoni iko wapi? Mzee alikuwa ameiacha nyumbani kwake! Katika nyingi za redio hizi njia ya sauti hupitia katika swichi ya maikrofoni, na isipochomekwa redio huwa bubu. Kesho yake aliileta, tukaichomeka, na redio ikavuma.

Twawaonya mambo mawili. Kwanza, msibonyeze swichi ya kusemea kabla ya kuunganisha antena ifaayo, au mzigo wa kujaribia wa omu 50, maana transista ya mwisho yaweza kuungua. Pili, msirushe maneno hewani kabla ya kuijua sheria ya nchi na kupata ruhusa ipasayo. Mzee wetu hakurusha hata neno moja. Aliketi akausikiliza mvumo ule muda mrefu, akatushika mkono, akaenda zake na redio yake.

Na katika ofisi zetu, je, hatutii fyuzi kubwa? Karani mdogo ajapo kutuambia kwamba fedha zilizo sandukuni hazilingani na daftari, mara nyingi twamkemea ili siku ipite kimya. Siku hupita kweli, lakini kosa halijaondoka. Lazidi kupata moto mahali tusipopaona. Afadhali tumshukuru, tuketi naye, tulifuate kosa tangu mwanzo wa njia, hata kama mwisho wake utakuwa mlangoni petu wenyewe.