PIMA PULI, USIPIME MKANDA ULIOKUFA

(Maneno ya fundi mmoja mbele ya mkutano wa wanachama)

Nimeombwa niseme habari za mikanda ya mashini. Labda wengine wenu mnaona jambo hili ni dogo, maana tumezoea kukutana kwa habari za mishahara. Lakini mimi mkanda nusura unile mshahara, basi nisikilizeni.

Katika kinu kimoja cha kusaga mahindi nilikokuwa nikifanya kazi, mikanda mitatu ilichakaa. Karani wa stoo akachukua mmoja, akaupeleka dukani, wakaulaza kando ya mikanda mipya mpaka wakapata iliyolingana nao. Nikaifunga. Nikavuta mota mpaka mwisho wa njia yake, na bado mikanda ililegea. Siku ya tatu ikatoa moshi. Nyapara akaandika kwamba fundi ameharibu mali, akatwe mshahara.

Kosa lilikuwa wapi? Mkanda wa zamani umevutika, na mbavu zake zimelika. Ukiupima huo utanunua mrefu kupita kiasi. Kama namba yake bado yasomeka, vema, isome. Kama imefutika, ulizeni puli.

Kwanza zima mashini, funga swichi kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako wewe, si mfukoni mwa mwenzako. Kisha sogeza mota karibu na mwanzo wa njia yake, lakini usiifikishe mwisho kabisa, ili upate nafasi ya kuvisha mkanda bila kuulazimisha, na nafasi kubwa ya kuukaza baadaye. Zungusha futi laini ya chuma juu ya kingo za puli zote mbili. Kwetu ilisoma inchi 75. Huo ni urefu wa nje. Mikanda ya aina ya B huhesabiwa kwa inchi za ndani, na tofauti ni kama inchi 3. Basi tulitaka B72. Ile iliyoletwa ilikuwa B75.

Mwenye kalamu na ahakikishe kwa hesabu. Puli zetu zilikuwa inchi 12 na inchi 6, na toka kati ya shafti hii hata kati ya ile ni inchi 23 na robo. Zidisha hiyo mara mbili: 46.5. Jumlisha puli mbili, 18, uzidishe kwa 1.57: 28.26. Tofauti ya puli ni 6. Sita mara sita 36, ugawe kwa mara nne ya 23 na robo, yaani 93: 0.39. Jumla inazidi 75 kidogo tu.

Upana nao usikisiwe kwa macho. Mkanda wa A una milimita 13 juu na kina 8. B ni 17 kwa 11. C ni 22 kwa 14. Jihadharini na SPB: juu unakaribia sana B, lakini kina chake ni 13 au 14, na namba yake ni milimita, si inchi. Tena mkanda ulioandikwa 4L500 una inchi 50 kwa nje, kwa hiyo ndugu yake ni A48, wala si A50. Wauza spea wengi huchanganya hapo.

Tazama pia ndani ya mfereji wa puli. Mkanda hushika kwa mbavu, haukalii chini. Ukiona chini ya mfereji panang'aa, puli imelika, na mkanda mpya utakufa vilevile. Na kama ni mitatu, badilisha yote mitatu. Ukitia mmoja mpya kati ya miwili iliyolegea, huo mmoja hubeba mzigo wote. (Sisi wafanya kazi twalijua hilo bila kufundishwa.)

Usiuvishe kwa bisibisi. Hukata nyuzi za ndani. Ukisha kuukaza, bonyeza katikati kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji: ushuke inchi 1 kwa kila 64 za nafasi iliyo wazi, yaani kwetu zaidi kidogo ya theluthi moja ya inchi. Kukaza kupita hapo huua beringi. Baada ya siku moja au mbili za kazi kaza tena, kisha rudisha kizuizi mahali pake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kiwanda aizungushie kinga mitambo ya namna hii. Vidole havina spea.

Mshahara wangu je? Nilikuwa nimeandika vipimo katika daftari, pamoja na namba ya mkanda niliopewa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hairuhusu mfanya kazi akatwe kwa uharibifu isipokuwa ni kwa kosa lake la makusudi. Mjumbe wetu aliweka daftari mezani kwa meneja, na ile barua ya nyapara ikaondolewa.

Hapa mbele pana puli mbili na mikanda minne isiyo na namba. Walio na futi waje tupime.