Mavumbi ya ziwa lililokauka

Sisi wahubiri tumezoea kuita jangwa laana. Leo tutazame Sahara.

Ni kubwa karibu mara nne kuliko Kongo yetu. Lakini zamani, miaka 6,000 na zaidi, kulikuwa na majani na maziwa. Kwenye miamba ya Tassili, Algeria, watu wa kale walichora ng'ombe na viboko.

Kule Bodélé, nchini Chad, ziwa kubwa lilikauka. Likaacha mavumbi ya mimea midogo sana ya majini. Upepo unayainua, unayavusha Atlantiki, na mengine yanaanguka juu ya msitu wa Amazon. Ndani yake mna fosforasi, chakula cha miti. Ziwa lililokufa lingali linalisha msitu!

Ndugu, sisi tuliokimbia vijiji, tuliozika watoto, tunasema: tumekauka. Si uongo, lile ziwa pia lilikauka kweli. Lakini Mungu hakuyatupa mavumbi yake. Juma hili tumtafute jirani mmoja aliyefiwa, tuketi naye. Yaliyotukausha sisi yanaweza kumlisha yeye. Amina.