Kisukari Hakina Likizo

Msikilizaji, kisukari kikitajwa kwenye taarifa ya habari, aghalabu husikika takwimu. Haisikiki ile alfajiri ya mtu anayejitoboa kidole kabla ya chai, akajidunga insulini, kisha akaanza kuukadiria ugali wa mchana. Anayeishi kwa sindano huyarudia hayo mara kadhaa kwa siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Nyumba isiyo na friji, dawa huwekwa ndani ya chungu kilicholoweshwa maji, na chungu nacho kinadai kuangaliwa.

Ndipo mtu huchoka. Huacha kupima, wala si ujinga: kila namba humsomea mashtaka. Akifika kliniki anafokewa, "Umekula nini wewe?" Kwa maoni yangu, swali hilo hufukuza wagonjwa kuliko foleni.

Kupumzika si kuacha sindano. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, siku moja bila insulini yaweza kumlaza wodini. Apunguziwe mengine: mwenzake ampimie, ampikie, amsindikize kliniki. Nawe muuguzi unayenisikiliza, kesho kabla ya kufungua daftari la mgonjwa, muulize kwanza: "Pole, umechoka kiasi gani?"