Mshokishoki Dume Hauzai: Maneno kwa Wakulima wa Pwani



Leo napenda kuzungumza nanyi habari za tunda ambalo watu wengi wa Pwani wamelila, lakini wachache wamelipanda: shokishoki. Ni lile tunda jekundu lenye manyoya laini, ambalo ukilimenya waona nyama nyeupe, tamu yenye ukali kidogo. Asili yake ni Malesia na Indonesia, na huko jina lake latokana na neno lenye maana ya nywele. Unguja na Pemba limezoeleka sana, na Mombasa pia huuzwa msimu wake ufikapo. Basi mtu akiisha kula huingiwa na tamaa, akatia kokwa mfukoni, akaenda kupanda.

Tamaa hiyo si mbaya, ila kuna mambo mawili yampasa kuyajua kwanza.

La kwanza ni kokwa yenyewe. Kokwa ya shokishoki haiwekwi akiba kama mahindi. Ikikauka hufa, na ikikaa juma moja nje ya tunda haitumainiwi tena. Yapasa ioshwe vizuri, ipandwe siku ile ile au kesho yake, ilazwe ubavu, mahali penye kivuli na udongo wenye unyevu.

La pili ni kubwa zaidi. Mishokishoki ina madume na majike, kama mipapai. Katika miche iliyotokana na kokwa, yapata nusu huwa madume, nayo haizai hata tunda moja. Mpapai hujionyesha upesi, lakini mshokishoki wa kokwa hukungojesha miaka 5 au 6. Fikirini mtu aliyepanda miche 10, akaipalilia na kuinywesha maji muda wote huo, kisha mitano ikatoa maua matupu! Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lakini mti dume hauna mbivu, hata ukiuvumilia miaka 20.

Dawa yake ni kupandikiza. Huchukuliwa jicho la mti jike unaojulikana kwa uzazi wake, likaunganishwa na mche ulioota kwa kokwa. Mti wa namna hii hufuata tabia za mzazi wake, nao huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Kwa hiyo mnunuapo miche, ulizeni: “Je, umepandikizwa? Jicho lilitoka katika mti gani?” Asiyeweza kujibu, msimpe fedha zenu. Na aliye na mti dume shambani asiung'oe kwa hasira. Aukate shina, angoje machipukizi, kisha apandikize juu yake macho ya mti jike.

Kumbukeni pia kwamba mti huu wataka joto na mvua nyingi. Haufai nyanda za juu zenye baridi, wala mahali pakavu pasipo maji ya kunyweshea. Upewe nafasi ya mita 10 hivi, na kinga ya upepo. Wala msichume mapema, kwa kuwa shokishoki haliivi kikapuni kama embe.

Basi anzeni na miti miwili au mitatu iliyopandikizwa. Hiyo yashinda kumi msiyoijua.