Kahawa Ingali Maua: Mizani ya Kodi na Matumizi ya Serikali



Bajeti ya Serikali ni makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha, ambao nchini Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kukoma tarehe 30 Juni. Matumizi hayo ni ya aina mbili: ya kawaida, yaani mishahara, uendeshaji wa ofisi na riba za madeni, na ya maendeleo, yaani barabara, shule, zahanati na miradi mingine ya kudumu. Mapato yakiwa pungufu ya matumizi, pengo hilo huitwa nakisi, nayo huzibwa kwa mikopo, ambayo kwa hakika ni kodi ya kesho iliyotumiwa leo.

Wakulima wa Kagera wanalifahamu jambo hilo kwa jina la butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au gharama za matibabu huuza kahawa ingali maua mibunini, kwa bei ya kutupa, na msimu ufikapo huchuma, huanika na kujaza kahawa ya maganda katika gunia ambalo si lake tena. Serikali inayokopa ili kulipia matumizi ya kawaida imeingia katika butura ya namna hiyo, kwa kuwa fedha huliwa, na deni hubaki. Bali inayokopa ili kujenga barabara ya kupitishia mazao hufanana na mkulima aliyekopa akapanda miche, ambaye deni lake lina mti wa kulilipa. Kwa kuchelea mzigo huo, Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka ukomo wa nakisi, misaada ikiwamo, kuwa asilimia 3 ya Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka.

Upande wa pili wa mizani ni kodi, ambayo kwa Ibara ya 138 ya Katiba haitozwi pasipo sheria. Kupandisha kiwango si lazima kuongeze mapato, kwani tozo zikiwa nzito na bei ya ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, upande wa Uganda, ikiwa nzuri, magunia huvuka usiku kwa magendo na halmashauri hukosa hata kidogo ilichotarajia. Katika bajeti ya 2017/18 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hadi 2 kwa ya chakula. Hivyo kahawa ya shilingi 1,000,000 iliyotozwa 50,000 ikatozwa 30,000. Nafuu hiyo ya shilingi 20,000 ni pengo katika kitabu cha halmashauri, ambalo huzibwa ama kwa kahawa nyingi zaidi kupita mizani rasmi, ama kwa kupunguza matumizi.

Tena yapo yasiyokadirika: tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliikumba Bukoba mwaka wa fedha ukiwa na miezi miwili tu, na bajeti isiyo na akiba ya dharura hulazimika kubomoa fungu moja ili kujenga jingine.

Kwa hiyo kila fungu la mkopo litakaposomwa barazani, waheshimiwa madiwani wanaombwa kuuliza swali moja: ni mti upi utakaolilipa? Kwa maneno hayo, mkutano huu umefunguliwa rasmi.